Kuku Wasiofungwa Miguu

Kama umewahi kuzika mtu katika parokia yetu ya Ravnbjerg, huku Denmark, basi umekula mkononi mwangu. Mimi ndiye Abelone, mpishi wa shughuli. Iwe harusi, ubatizo au msiba, wananiita. Nafika na mwiko wangu, kisu changu na aproni mbili, mama mwenye nyumba anakaa pembeni, na jikoni hakuna sauti ila yangu. Supu yangu ya kuku yenye madonge ya unga, watu huanza kuizungumzia hata kabla marehemu hajatajwa. Sijisifu. Nasema ilivyo tu, na asiyependa akapikiwe na dada yake.

Kwa hiyo Daktari Laurids Tvede alipofariki, Jumatatu moja ya mwezi wa Machi, theluji ikiwa bado imelala kwenye mitaro, nilijua nitaitwa, na nikaitwa. Mkewe, Bi Henriette, alinipokea jikoni kwake akiwa amevaa nyeusi, mgongo umenyooka, macho makavu. Akanivutia kiti.

"Abelone, utanipikia msiba?"

"Nitakupikia, mama. Wewe lia tu, jiko niachie mimi."

"Sikiliza kwanza. Hakuna kuku. Hakuna nguruwe. Hakuna kitu chochote cha kuchinjwa. Nimeahidi."

"Umemwahidi nani?"

"Yeye. Alinishika mkono akaniambia, 'Henriette, isije ikamwagika damu kwa ajili yangu. Wape watu kile nilichokula mimi.' Nikamwambia sawa. Baada ya hapo hakunisikia tena."

Kwetu, siku moja kabla ya mazishi, kila nyumba huleta kuku kwa wafiwa. Huja hai, amefungwa miguu kwa kamba, na wanawake humkabidhi mpishi mlangoni. Nyumba isiyoleta imesema mbele ya watu wote kwamba ilikuwa na kinyongo na marehemu. Msiba usio na supu ya kuku ni msiba wa mtu aliyeokotwa barabarani.

"Mama," nikasema, "hao kuku watakuja tu. Nifanye nao nini? Niwaimbie?"

"Sijui. Ninachojua ni kwamba nilimwambia sawa."

Nikavaa aproni. Ningefanya nini? Yule mtu alikuwa amemfumba marehemu mama yangu macho kwa mikono yake mwenyewe, na kabla ya hapo alimwongezea miaka ambayo hakuna aliyeitegemea.

Niwaambie Daktari Tvede alikuwa nani, maana wengine mmesikia kejeli tu. Baba yake alikuwa muuza nyama mjini Randers, na mtoto alikulia kwenye nyama kama panya kwenye ghala. Akaenda kusomea udaktari Kopenhagen, akaja kwetu kijana, mnene, uso mwekundu, akipanda ngazi za mama yangu huku akihema kuliko mgonjwa aliyemfuata. Tumbo lilimtesa. Kichwa kilimuuma kila Jumatatu. Akameza kila dawa aliyokuwa akiwapa wengine, hakupona. Ndipo akaamua kujijaribia mwenyewe. Majira ya baridi yote akala viazi, uji wa shayiri, mkate mweusi na kabichi, basi. Wakati barafu inayeyuka, fundi cherehani alikuwa ameshampunguzia suruali zote, na daktari anakwenda kwa wagonjwa kwa miguu, akipita mashambani anapiga mluzi. Aliyebaki kunenepa ni farasi wake.

Kuanzia hapo hatukupumua. Akiingia nyumbani kwako alifunua sufuria kabla ya kufunua shuka la mgonjwa. "Nani kapika hiki?" anauliza. "Na kwa nini mnamchukia huyu mzee kiasi hiki?" Pale ambapo madaktari wengine wanatoa chupa, yeye alitoa mbegu. Mbegu za kabichi ya majani, ile isiyofunga kichwa, inayostahimili baridi na kuwa tamu zaidi ikipigwa na barafu. Magazeti ya Kopenhagen yakamchora na kabichi mahali pa kichwa. Aliikata ile picha, akaitia kwenye fremu, akaitundika chumba wanamosubiria wagonjwa, na akikukuta unaitazama anakuuliza kama amefanana. Madaktari wenzake walipokutana mjini wakampa mgongo. Akarudi, akala sahani mbili za uji, akalala usingizi mzito. Bi Henriette ndiye aliyekesha kwa hasira.

Na fikirini alikuwa anahubiri wapi! Ravnbjerg nzima inaishi kwa nguruwe. Tunawafuga, wanapanda treni kwenda machinjio yetu ya ushirika, wanavuka bahari kwenda kuliwa na Waingereza wakati wa kifungua kinywa. Mwenyekiti wa machinjio ni Kresten Bodholt, mtu mwenye shingo pana kama kinu. Nakumbuka jioni ile kwenye ukumbi wa kijiji, daktari anaeleza faida za shayiri, Kresten akapaza sauti kutoka kwenye benchi la mbele.

"Daktari Kabichi! Kwa hiyo nguruwe tuwafuge tuwe tunawaangalia kama picha?"

"Hapana, Kresten. Wauzieni Waingereza. Wale wana makoloni kila mahali, waacheni wapate na jongo."

Watu walicheka hadi wengine wakaporomoka kutoka kwenye mabenchi. Kresten peke yake hakucheka, kwa sababu kidole chake kikubwa cha mguu kilikuwa kimevimba na kuwa chekundu, kimelazwa juu ya mto, na jongo lenyewe, ule ugonjwa wa viungo wa wala nyama, ndilo lililokuwa limemleta pale akichechemea kwa fimbo mbili. Mwaka uliofuata tukamwona anatembea bila fimbo. Tulipomuuliza amepona kwa dawa gani, alisema ni viatu vipya alivyonunua Aarhus. Viatu! Na tukaamini, au tukajifanya tumeamini.

Mimi nilikuwa na msiba wangu mwingine wa siri, na sikumwambia mtu. Miaka ile ya mwisho, nyama zangu zilianza kurudi. Napeleka mezani sinia la nguruwe wa kuokwa, ngozi inavunjika menoni vizuri, linarudi jikoni limeguswa pembeni tu. Mabakuli ya viazi na kabichi yanarudi yamefutwa kwa mkate. Nikabadilisha chumvi. Nikabadilisha kuni. Nikawafokea wasichana wa kupakua. Mwishowe nikaanza kuitazama mikono yangu, nikasema basi, Abelone, umezeeka, ladha imekukimbia, watu wanakuonea haya tu ndiyo maana bado wanakuita. Hilo liliniuma kuliko ninavyoweza kueleza.

Na nikizunguka majiko ya watu nilikuwa naona kitu kingine. Nyuma ya kila banda la nguruwe, upande usioonekana kutoka barabarani, palikuwa na matuta ya kabichi ya majani. Nikiuliza, jibu ni lile lile: "Ah, ya nguruwe hiyo." Nami na akili zangu nikasema nguruwe wa siku hizi wanaishi vizuri.

Haya, turudi kwenye msiba. Kesho yake Kresten Bodholt akaja, kofia mkononi, buti ameyafuta matope mlangoni. Yeye ndiye anayepanga wabeba jeneza.

"Pole sana, Bi Henriette. Wabebaji nitawapata, usijali. Na kuku, akina mama wataleta kesho Ijumaa kama kawaida."

"Ahsante, Bwana Kresten. Wabebaji nitawapokea. Kuku hapana."

"Hapana vipi?"

Akamweleza. Kresten akaanza kuwa mwekundu kutokea shingoni, wekundu ukapanda taratibu hadi kwenye upara.

"Mama, unajua unachosema? Unataka parokia nzima ije hapa mikono mitupu, kama ombaomba? Nije mikono mitupu mimi, kwa mtu ambaye..." Akakwama hapo, akageuza kofia. "Kwa jirani yangu?"

"Njoo na mikono yako, Bwana Kresten. Jeneza halibebwi na kuku."

"Watu watasema mmewafukuza."

"Nimemwahidi mume wangu."

"Na watu je? Wao hawana haki ya kumuaga kama walivyowaaga baba zao?"

Kresten akavaa kofia akiwa bado ndani ya nyumba, jambo ambalo kwetu halifanyiki, akatoka. Hakusema atakuja wala hatakuja.

"Mama," nikasema, "huyo akisusa, wamesusa wote."

"Najua."

"Ahadi kwa maiti, mama, hata Mungu huwa analegeza kidogo. Nichinje wawili tu, nijifanye sikusikia? Dhambi iwe yangu."

Akanigeukia. Sijawahi kutazamwa vile na mtu mpole. "Walimcheka maisha yake yote, Abelone. Madaktari wenzake, magazeti, hawa hawa majirani. Hakurudi nyuma hata hatua. Sasa amelala hapo chumbani, hawezi kujitetea. Mimi ndiye nirudi nyuma kwa niaba yake?"

Nikaona haya, nikaenda kumenya vitunguu, angalau machozi yawe na sababu.

Ijumaa ilifika. Nilikuwa na njegere kavu nimeziloweka, shayiri, viazi, vitunguu na matufaha makavu. Kabichi ndiyo haikuwepo. Daktari alikuwa mgonjwa tangu kiangazi, hakupanda, na miche michache iliyobaki bustanini sungura walikuwa wameimaliza. Bustani ya mtu aliyegawa mbegu parokia nzima ilikuwa imebaki mashina matupu. Na supu ya njegere bila majani ni uji wa wafungwa.

Asubuhi hakuja mtu. Saa za mchana wanawake huwa wameshajaa uani wakipiga soga, na wanaume wanakatakata matawi ya msonobari na kuyatandaza barabarani kutoka mlangoni kwa marehemu hadi lango la kanisa. Barabara ilikuwa tupu. Hata mbwa hakupita. Bi Henriette alitandika meza ndefu peke yake, akipanga vijiko na kuvinyoosha, kisha akivinyoosha tena.

"Wasipokuja," akasema, "tutakula mimi na wewe, na mchungaji."

"Mchungaji anatosha, mama. Yule anakula kama kwaya nzima."

Akatabasamu kidogo, kisha uso ukaanguka. "Nimemharibia, Abelone. Nimetaka kumtunzia heshima, na kesho atapita barabara tupu."

Nilimwonea uchungu, na niliwachukia majirani zangu kwa roho yangu yote.

Ndipo tukasikia kelele. Kwanza nilidhani ni gari la kukokotwa, ekseli haijatiwa mafuta. Halafu nikatambua. Ni kuku. Nikatoka mlangoni na kisu changu cha viazi mkononi. Barabara nzima ilikuwa imejaa wanawake, na mbele yao Sidsel, mke wa Kresten Bodholt, kamkumbatia kuku mwekundu kama mtoto mchanga. Nyuma yao wanaume na mkokoteni wa matawi ya msonobari.

Bi Henriette alikuja nyuma yangu. Alipoona, akashika mwimo wa mlango. "Sidsel," akasema, na sauti ilikuwa inakatika, "nilimwambia mume wako. Nimewaomba jambo moja tu."

"Ulisema wasichinjwe. Nani kasema wachinjwe? Wewe Abelone, weka hicho kisu chini, unawatisha."

"Si ni cha viazi!"

"Wao hawajui. Bi Henriette, mtazame miguu."

Tukatazama. Miguu ya kuku haikufungwa. Si yule mwekundu tu. Kila kuku aliyebebwa pale alikuwa miguu huru, wengine wanarusha mateke, mmoja amemchania mke wa mhunzi shali.

"Kresten alirudi nyumbani jana amevimba," Sidsel akasema. "Akazunguka meza wee, anasema huyu mama anatudharau. Nikamwambia, baba, tulia. Desturi inasema tulete kuku. Imesema wapi lazima afe? Huyu wangu anataga, na ni mzuri. Anakaa na wewe. Ukiamka asubuhi nyumba kimya, utamsikia huyu mjinga anapiga kelele, utajua hujabaki peke yako. Tumepita nyumba hadi nyumba kuwaambia wenzetu, ndiyo maana tumechelewa."

Akamweka chini. Wenzake wakafanya hivyo hivyo, na kuku wa Ravnbjerg wakatawanyika, wengine bustanini, wengine chini ya meza, mmoja akaingia moja kwa moja chumba cha kusubiria, chini ya ile picha ya kabichi. Bi Henriette alilia hapo, mbele yetu sote, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Sidsel akamkumbatia, mikono yake mikubwa imejaa manyoya.

Kisha nikaona kwamba kila mmoja alikuwa pia na kapu, limefunikwa kitambaa. Nikafunua la kwanza. Kabichi ya majani. La pili, kabichi. La tatu, vivyo hivyo. Ilikuwa mbichi, imevunwa vizuri, imefungwa mafungu kama inavyofungwa na mtu aliyezoea.

"Hii si ya nguruwe?" nikauliza.

Wanawake wakatazama makapu, kila mmoja la mwenzake. Sidsel alikuwa amewiva uso kama mumewe.

"Abelone," akasema, "pika, acha maswali."

Nikapika. Jamani, nikapika! Njegere na shayiri chini, vitunguu nimevikaanga kwa siagi hadi vimekuwa rangi ya asali, na kabichi ile juu, tamu kwa baridi yote iliyoipiga. Niliionja, nikajua mikono yangu haijazeeka hata kidogo.

Jumamosi bendera zilikuwa nusu mlingoti kila ua. Kresten Bodholt alibeba jeneza mbele, upande wa kulia, bila fimbo, juu ya matawi ya msonobari yaliyonukia, na hakuruhusu mtu kumpokea hadi kaburini. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje. Tulipoimba, kuku walisikika kutoka ng'ambo ya barabara, na mchungaji alikuwa na busara ya kutosha kujifanya hasikii.

Mezani watu walikula bila maneno mwanzoni. Nilisimama mlango wa jikoni na upawa wangu, nikiwahesabia tonge. Kresten aliongeza mara ya pili. Halafu ya tatu. Halafu akasimama, akagonga bilauri kwa kijiko.

"Mimi ni mwenyekiti wa machinjio," akaanza, kana kwamba kuna asiyejua. "Mguu wangu ulipopona niliwaambia ni viatu. Ni uongo. Viatu vile vilinibana tangu siku ya kwanza. Aliyeniponya ni huyu tuliyemlaza leo, kwa viazi na kabichi. Nguruwe sijamwonja miaka, ila Krismasi, na kila Krismasi naumwa. Nilikuwa nakula nimefunga mlango kama mwizi, nikiogopa nyinyi mtanicheka. Yeye nilimcheka mbele ya watu, nikamshukuru mafichoni. Basi leo namshukuru mbele ya watu."

Nilisikia kuku akikwaruza chini ya meza. Kisha mhunzi akasema polepole, "Wewe pia?"

"Wewe pia nini?"

"Si hivyo hivyo! Mimi nilidhani niko peke yangu!"

"Na sisi!" mtu akapiga kelele mwisho wa meza. "Mke wangu anasema ni ya nguruwe!"

"Hata mimi nasema ya nguruwe!"

Wakaanza kunyoosheana vidole, kucheka, kupigana mabega. Parokia nzima ilikuwa imemsikiliza Daktari Tvede, na kila nyumba ilikuwa ikimficha jirani yake. Kicheko kile kilikuwa kikubwa kuliko cha ukumbini, na safari hii hakuna aliyechekwa ila wachekaji wenyewe.

"Kwa hiyo nyama zangu!" nikapaza sauti nikiinua upawa. "Miaka yote hii mnanirudishia masinia, nakonda kwa mawazo, kumbe mlikuwa mnakula kabichi!"

"Ilikuwa nzuri, Mama Abelone," mhunzi akasema. "Ndiyo maana tulikuwa tunaikimbia."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumbusu. Nikarudi jikoni nikajifuta uso kwa aproni safi.

Watu walipofika kwenye kahawa, Bi Henriette akaja. "Kimebaki chochote?"

Nikaliinamisha lile sufuria kubwa. Halikuwa na kitu. Walikuwa wamelikwangua, hata ukoko wameondoka nao. Akachungulia ndani muda mrefu.

"Shika upande huo," akaniambia.

Tukalibeba, yeye sikio moja, mimi jingine, tukapita katikati ya meza. Kresten alikuwa wa kwanza kusimama. Wanaume wote wakasimama, hakuna aliyeuliza tunakwenda wapi. Tulivuka barabara juu ya msonobari, kuku mwekundu wa Sidsel akitufuata hadi langoni, tukafika kwenye udongo mbichi. Bi Henriette akaliinamisha sufuria kuelekea kaburini, kama unavyomwonyesha mtu aliyekaa.

"Tazama, Laurids," akasema. "Wamemaliza."